Jinsi ya kupanga siku ya kupima kansa ya mlango wa kizazi mpaka wale wasiofikiwaga wafikiwe

Hii ni kwa yeyote anaetaka kupeleka upimaji wa kansa ya mlango wa kizazi kijijini au mtaani kwao. Mnaweza kuwa kikundi cha kuweka na kukopa kama VICOBA, akina mama wa kanisani au wa msikitini, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au binti tu aliyesoma mjini akaona arudi nyumbani afanye kitu. Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania, hasa kanda ya ziwa na kaskazini, wa Kenya na Uganda mtabadilisha majina ya ofisi lakini kazi ni ile ile.

Kwanza mjue ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 walipata kansa hii kwa mwaka mmoja na zaidi ya 6,500 walifariki, na ndo kansa inayoongoza kwa wanawake nchini. Kinachouma ni kwamba haiji ghafla. Karibu yote inaletwa na kirusi cha HPV, aina ya 16 na 18 peke yake zinabeba kama asilimia 70, na toka kirusi kiingie mpaka iwe kansa kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inachukua miaka 15 hadi 20, yaani kuna muda mrefu sana wa kuiwahi. Chanjo ipo, kipimo kipo, tiba ya dakika chache ipo, na mama anakufa kwa sababu hayo matatu hayakumfikia pale alipo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Siku nyingi za upimaji zinapangwa kwa ajili ya mama ambae angekuja hata msingempangia, anakaa karibu na barabara, Kiswahili anakielewa, nauli anayo, mume hana neno. Anakuja, anapimwa, bango linapigwa picha, ripoti inaenda. Yule wa kitongoji cha mwisho hata hajui kama mlikuja. Mkianza kupanga kutokea kwake, yule wa barabarani atapata tu huduma, lakini mkianza na wa barabarani huyu mwingine hapati kamwe. Kwahiyo hatua zote hapa chini zinaanzia kwake.

Hatua ya 1: Andikeni nani hayupo

Kabla ya kuomba tenti au kuchapisha tisheti, nendeni zahanati mkamuombe mganga mfawidhi awaangalizie kwenye rejista, waliopimwa mwaka uliopita walitoka vitongoji gani. Majina hamyahitaji, mnahitaji vitongoji tu. Mtaona vitongoji viwili vitatu vina watu wengi alafu vingine havina hata mmoja. Hivyo visivyo na mtu ndo mwanzo wa kazi yenu.

Alafu kaeni na watu wanaojua kijiji kwa ndani, mwenyekiti wa kitongoji ndio, lakini pia mkunga wa jadi, mama ntilie, dereva wa bodaboda, mama mwenye genge. Waulizeni ni wanawake gani hawaonekanagi kliniki kabisa. Orodha inakuwaga karibu ile ile: wake wa wafugaji wanaohama na ng'ombe, wanaoanika dagaa mwaloni pale mitumbwi inapotia nanga, wanaopika na kuponda mawe machimboni, wahudumu wa baa, wenye ulemavu wanaofichwa ndani, mabibi wasiojua Kiswahili, dada wa kazi za ndani. Kigoma ongezeni wakimbizi walioko kambini.

Kwa kila kundi andikeni sababu yake, na hapa msiwe wavivu, msiandike "hawana elimu" mkaishia hapo. Mhudumu wa baa elimu anayo na anajua kabisa kwamba anatakiwa kupimwa, haji kwa sababu mara ya mwisho alivyoenda aliangaliwa juu mpaka chini. Mke wa mfugaji haji kwa sababu zahanati iko kilomita nyingi na ndama hawana wa kuwaangalia. Mwenye kiti cha magurudumu haji kwa sababu kitanda cha uchunguzi kiko juu na hataki kubebwa na wanaume. Kila sababu ina dawa yake, na ukikosea sababu hiyo bajeti yote unaimwaga chini.

Hatua ya 2: Ofisi, na maswali ambayo lazima yajibiwe

Barua inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata, inapanda kwa mganga mkuu wa wilaya. Mtu atakayewasaidia kwa vitendo ni mratibu wa huduma za afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, muombeni awaingize kwenye ratiba ya huduma za mkoba ili gari, vifaa na wataalamu wawe wa serikali na takwimu ziingie kwenye mfumo. Mkimleta mtu binafsi na vifaa vyake, akiondoka anaondoka na kila kitu.

Mkikaa nae, muulizeni haya na msitoke bila majibu. Ni wahudumu wangapi wilayani wamefundishwa kipimo cha VIA, kile cha kupaka siki na kuangalia kwa macho, na bado wanakifanya? Kuna kifaa cha kutibu, na kinafanya kazi leo? Kama ni kile cha kugandisha kwa gesi, ambacho wengi wanakiita tiba mgando, je mtungi una gesi? Kama ni kile kidogo cha joto kinachotumia betri, betri inachaji? Hospitali ya wilaya ina mashine ya GeneXpert, ile ya kupimia TB, na je imepata katriji za HPV, maana mashine ile ile inaweza kupima kirusi hiki na majibu yanatoka ndani ya saa moja hivi? Na mwisho, mwanamke atakaeonekana ana dalili za kansa kabisa anaenda wapi na nani anampokea?

Kama hamna kifaa cha kutibu kinachofanya kazi, ahirisheni. Najua inauma, wageni wameshaalikwa na spika imeshalipiwa, lakini kumpima mama ukamwambia una tatizo alafu ukamwambia tutakupigia, kwa yule anayekaa mbali ni kumpa hofu bila msaada, na habari zake zitafika kitongojini kabla gari lenu halijafika mjini. Mwaka unaofuata hatokei mtu.

Hatua ya 3: Tarehe ipangwe na wao

Hapa ndo makosa mengi yanafanyika kimya kimya. Mialoni kwenye Ziwa Victoria dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika, kwahiyo wanawake wanaoanika dagaa wanapata nafasi siku za mwezi mpevu. Ukipanga siku za giza utakuta mwalo mzima umeinamia dagaa na hamna atakayeacha mzigo wake uoze. Kwa wafugaji siku nzuri ni ya mnada, wanawake wanakuja kuuza maziwa na kununua unga, wekeni tenti jirani na mnada ila sio katikati ya macho ya watu. Kwa wakulima msiguse wiki za kupanda na palizi. Pwani na visiwani ikwepeni Ramadhani, wengi wana wasiwasi kama kipimo hiki kinafunguza, na hata shehe akitoa ufafanuzi bado mtu na njaa yake hana raha ya kupanda kitandani.

Vile vile tangazeni tarehe mbili, ya kwanza na ya kurudia. Mwanamke akiwa hedhini hawezi kupimwa VIA siku hiyo, na wajawazito kwa kawaida wanapangiwa baada ya kujifungua. Kama siku ni moja tu, hao wote mmewaacha.

Hatua ya 4: Maneno, na nani anayasema

Tangazo la spika juu ya gari linasaidia kutaja tarehe tu. Kumfanya mtu akubali kunahitaji kikao kidogo, kwa lugha yake, na mtu anaemwamini. Umasaini bila laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, kujua na kuridhia mtakaa na tenti lenu. Na akiridhia, muombeni awape mama mmoja mtu mzima wa boma atakaezunguka na mhudumu wenu.

Kuna kikao kimoja chini ya mwembe, dada muuguzi alikuwa amemaliza kueleza vizuri kabisa, akauliza kama kuna maswali, kimya. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya karanga kwenye kanga yake akasema kitu kwa Kisukuma, mjukuu akatafsiri, "Bibi anauliza, nikishavua nguo mbele yako, kesho tukikutana sokoni utaniamkiaje?" Watu wakacheka ila wote walikuwa wanasubiri jibu. Yule dada akaenda mpaka alipo, akapiga goti, "Shikamoo bibi. Nitakuamkia hivi hivi kama leo, na ya chumbani simwambii hata mama yangu mzazi." Bibi akamuuliza tena, "Na wewe ulishapimwa?" Akajibu, "Ndio bibi, alinipima mwenzangu, na nilikuwa naogopa." Bibi kwa umri wake alishapita wakati wa kipimo kile, lakini siku ya upimaji wakamwana wake walikuwa benchi la mbele kabla hata tenti halijasimamishwa. Kwahiyo msiwadharau mabibi kwenye vikao, ndo wanaotoa ruhusa nyumbani.

Wanaume pia wawe na kikao chao, na sababu yake nitaieleza kwenye tiba. Waambiwe kwa lugha ya kawaida kwamba HPV ni kirusi ambacho karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono anakutana nacho, na kukutwa nacho hakumaanishi mke ametoka nje. Hilo neno likisemwa mapema na mtu wanayemheshimu linaokoa ndoa.

Uvumi mtakaoukuta ni ule ule, kwamba wanatoa kizazi, wanapima UKIMWI kwa siri, kifaa kinaleta kansa. Msibishane kwa kejeli. Kitoeni hicho kifaa, kile cha plastiki cha kupanulia, kipitisheni watu wakishike mkononi, waone mwanga wake unapita wapi na kinafunguka vipi. Kikishashikwa hofu inapungua kuliko kwa hotuba ya saa nzima. Alafu mseme ukweli kwamba kinakosesha raha kidogo, msiseme hamna kitu, kwa sababu wa kwanza akitoka atawaambia wenzake.

Hatua ya 5: Mpangilio wa eneo

Meza ya kuandikisha iwe mbali na benchi la kusubiria, mtu anapotaja umri wake, idadi ya mimba na kama anatumia dawa za VVU asisikiwe na jirani yake. Kuna sehemu niliona karani anauliza kwa sauti "wewe ni wa CTC?", yaani kliniki ya VVU, na mama aliyeulizwa akakunja kadi yake akaondoka, na huyo ndo aliyekuwa anahitaji kipimo kuliko wote pale, maana mwanamke anaeishi na VVU yuko kwenye hatari ya kansa hii mara 6 zaidi ya asiye na maambukizi. Foleni iwe moja kwa wote. Kadi zisiwe na rangi tofauti. Mtu asijulikane kwa benchi alilokaa.

Chumbani kuwe na kitu cha kujifunika, kanga mbili safi zinatosha kwa kila mteja, na akina mama waambiwe waje na kanga zao. Pazia lisiwe lile linalopepea. Mlango ufungwe na watu wasiwe wanaingia kuchukua pamba. Mhudumu awe mwanamke kila inapowezekana, na kwa jamii nyingi hili halina mjadala.

Kwa wenye ulemavu msisubiri waje ndo mkimbizane. Ombeni mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA, chama cha viziwi, au chama cha watu wenye ulemavu cha wilaya, na kama hamna mkalimani msimtumie mtoto wake wa kumzaa kumtafsiria mama mambo ya uzazi. Kitanda kiwe cha chini au kuwe na ngazi imara yenye pa kushika. Muulizeni yeye mwenyewe anapendaje kunyanyuliwa na anapendaje kulala, wengine miguu haipandi kwenye vishikio na inawezekana kabisa kupimwa amelala ubavu. Asiyeona aambiwe kila kitu kabla hakijamgusa: sasa nakushika paja, sasa utasikia ubaridi.

Kwa jamii zenye ukeketaji, ongeeni na wauguzi mapema. Mwanamke aliyekeketwa anaogopa maumivu na anaogopa pia kuhojiwa na kugombezwa, wengine wanahisi wataitiwa polisi. Siku hiyo sio ya kumhoji, amekuja kupimwa kansa. Wawe na vifaa vya saizi ndogo na wasiharakishe.

Hatua ya 6: Kipimo chenyewe, ili muweze kukieleza

VIA ni rahisi kueleza. Mhudumu anaweka kile kifaa, anaona mlango wa kizazi, anapaka siki iliyopimwa nguvu asilimia 3 mpaka 5, anasubiri dakika 1, anaangalia kwa macho na tochi nzuri. Sehemu yenye mabadiliko ya awali inakuwa nyeupe. Majibu papo hapo, hamna maabara, hamna kurudi wiki ijayo, na kwa mtu wa mbali hiyo ndo faida yake kubwa. Udhaifu wake ni kwamba unategemea jicho la mtu, kwahiyo mhudumu aliyefundishwa zamani akakaa bila kufanya asiachiwe chumba peke yake.

Kipimo cha HPV kinakamata zaidi na Shirika la Afya Duniani toka 2021 linapendekeza ndo kiwe cha kwanza. Uzuri wake mwingine kwa hawa tunaowatafuta ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, anapewa kijiti chenye pamba au brashi laini, anaenda chooni au nyuma ya pazia, anakizungusha ndani ya uke na kukirudisha kwenye kichupa. Havui mbele ya mtu. Kwa bibi arusi wa boma, kwa mhudumu wa baa aliyechoka kuangaliwa vibaya, kwa mwenye ulemavu ambae kitanda kinamtesa, hii ni njia ya kupiganiwa. Kama wilaya yenu inacho, peni hayo makundi nafasi ya kwanza msikimalizie kwa wa mjini. Ila mjue atakaekutwa na kirusi bado atahitaji kuangaliwa kabla ya kutibiwa, kwahiyo jibu lirudi siku hiyo hiyo akiwa bado pale.

Umri: kwa wanawake kwa ujumla ni kuanzia miaka 30, na wanaoishi na VVU kuanzia 25. Kurudia kwa kipimo cha HPV ni kila baada ya miaka 5 hadi 10, kwa wenye VVU miaka 3 hadi 5, VIA inarudiwa mapema zaidi, fuateni ratiba atakayotoa mratibu wenu. Waliokoma hedhi, kwa kawaida baada ya miaka 50, VIA haiwafai sana maana ile sehemu ya kuangaliwa inaingia ndani haionekani. Msiwafukuze lakini. Bibi anaetokwa damu wakati hedhi ilishakoma, au mama yeyote anaetoka damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu kali usioisha, huyo anapewa rufaa siku hiyo hata kama umri wake haupo kwenye fomu.

Jambo moja la kanda ya ziwa, sehemu zenye kichocho cha mkojo, kichocho kinaweza kuweka madoa kama chembe za mchanga kwenye mlango wa kizazi na kumchanganya anayepima. Mkumbusheni mhudumu awe na hilo kichwani na dawa ya kichocho iwepo kwenye boksi.

Hatua ya 7: Tiba siku hiyo hiyo, na zile wiki 4

Aliyeonekana na mabadiliko ya awali, kama sehemu yenyewe sio kubwa na haijaingia ndani na hamna wasiwasi wa kansa, anatibiwa pale pale. Kwa joto inachukua chini ya dakika 1 kila mguso, kwa gesi inagandishwa dakika 3, inaachwa 5, inagandishwa tena 3. Hamna kulazwa, na anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Shida inaanzia nyumbani. Baada ya hapo atatokwa na maji maji na anatakiwa asishiriki tendo la ndoa wiki 4, au angalau kondomu itumike. Sasa mfikirie mke wa mtu ambae mume hakujua hata kama ameenda kupimwa, anarudi jioni anamwambia mwezi mzima hamna. Wengine wanapigwa, wengine wanakubali tu kinyonge na kidonda kinachelewa kupona, na wengine wakijua hilo wanakataa tiba pale pale na kusema nikamuulize kwanza, na hawarudi. Ndo maana nikasema kikao cha wanaume kiwe kabla. Msaada mwingine ni karatasi yenye muhuri wa zahanati iliyoandikwa kwa Kiswahili kifupi kwamba mama huyu ametibiwa na anapumzika wiki 4, bila kutaja kirusi wala neno la kutisha. Wapo watakaoomba muuguzi ampigie mume simu pale pale, apigiwe, kwa heshima na kwa ruhusa ya mama mwenyewe.

Hatua ya 8: Rufaa

Hapa ndo masikini wanapotea, na ningependa nusu ya bajeti yenu ikae hapa. Mwenye dalili za kansa, au mwenye eneo kubwa lisilofaa kutibiwa pale, anaenda hospitali ya rufaa kukatwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, majibu yanasubiriwa, alafu kama ni kansa kuna upasuaji au mionzi. Mionzi inapatikana sehemu chache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam na hospitali ya Bugando Mwanza. Kwa mama wa kijijini, kusema tu "nenda Bugando" ni sawa na kumwambia nenda nchi nyingine. Hajui geti, hana pa kulala, hana wa kumwachia watoto, na simu ya kitochi haina chaji.

Fanyeni hivi. Kila mwenye rufaa apate msindikizaji mmoja mwenye jina, mtu wa kijiji aliyewahi kufika mjini, na wakae chini siku hiyo hiyo wapange tarehe ya safari. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi itoke kwenye mfuko mliouchangisha kabla, VICOBA kikitenga kidogo kila wiki kwa miezi kadhaa kinatosha kwa rufaa chache za kijiji kimoja, maana wenye dalili za kansa hasa wanakuwaga wachache kati ya wote mnaowapima. Msimpe pesa ya safari mkuu wa kaya akaitunze, mpeni mama mwenyewe au mkate tiketi. Mpigieni simu muuguzi wa hospitali ya rufaa mbele yake ili aondoke anajua ataulizia nani, na muulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya pale kuhusu msamaha wa gharama kabla hajafika dirishani, kwa sababu akishakwamia dirishani mara ya kwanza anarudi nyumbani. Wakati yupo huko, kuna mtu wa kumchotea watoto maji na kuwapikia? Hilo nalo liandikwe kwenye mpango na jina la mtu.

Hatua ya 9: Mabinti

Mkiwa pale pale ongezeni chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na kuanzia Aprili 2024 ikawa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Nyingi inatolewa shuleni, na hapo mnajua tayari nani anakosa: aliyeachishwa shule, anaechunga, dada wa kazi aliyeletwa mjini na miaka 12, binti mwenye ulemavu asiyepelekwa shule. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii azunguke nyumba kwa nyumba na daftari aulize watoto wa kike wote wa umri huo, sio wanafunzi. Wazazi watauliza kama inafunga uzazi, jibu ni hapana, Rwanda waliianza toka 2011 na mabinti wale sasa ni akina mama.

Na kama gari lipo na mhudumu wa ngozi anapatikana, msiwasahau watu wenye ualbino, kansa ya ngozi inawawahi wakiwa vijana kabisa. Kuangaliwa vidonda vya usoni, shingoni na mikononi ni dakika tano. Moshi kule hospitali ya KCMC kuna mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa maalum kwa ajili yao yanaitwa Kilisun, muulizeni mratibu yanafikaje wilayani kwenu.

Hatua ya 10: Hesabu mtakayofunga nayo

Lengo la dunia lililowekwa Novemba 2020 ni kwamba ifikapo 2030 mabinti asilimia 90 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake asilimia 70 wapimwe kwa kipimo kizuri wakifika 35 na tena wakifika 45, na asilimia 90 ya wenye tatizo watibiwe. Nzuri sana, lakini namba ya jumla inaweza kupanda huku kitongoji kimoja kikibaki vile vile. Kwahiyo ripoti yenu ipangeni kwa orodha ile ya hatua ya 1. Wafugaji walikuja wangapi, mwaloni wangapi, wenye ulemavu wangapi. Mbele ya kila kundi wekeni waliokutwa na tatizo, waliotibiwa siku hiyo, na wenye rufaa waliofika hospitali. Hiyo ya mwisho haijazwi siku ya upimaji, inajazwa baada ya wiki kadhaa kwa kupiga simu na kwenda nyumbani, na mtu wa kuijaza achaguliwe kabla hamjatawanyika. Kundi lililoandika sifuri mrudi nalo kwenye kikao, muwaulize wao kilichowazuia, tarehe inayofuata ipangwe nao.

Daftari la majina likabidhiwe kwa mganga mfawidhi siku hiyo hiyo likafungiwe kabatini, mbaki na karatasi ya namba tu. Lisipigwe picha, lisitumwe kwenye grupu la WhatsApp la kikundi hata kwa kisingizio cha ripoti, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo na inahusu na nyie. Picha za tukio ziwe za tenti na viongozi, wanawake walioko kwenye benchi wasipigwe hata kwa mgongo.